Kihariri kilazimishe faili kufika diskini lini?

Nimemaliza kumsaidia mwanaprogramu anayeandika kihariri matini cha Linux. Alitaka kujua kama aite fsync (mwito unaolazimisha data ya faili ifike diskini) kila mara au aiachie kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, kazi hiyo. Msimamo wangu: iite mtumiaji anapoamuru mwenyewe kuhifadhi. Kwenye hifadhi za kimyakimya ambazo kihariri hufanya chenyewe, iache.

Write, mwito wa kuandika kwenye faili, ikirudi salama, maandishi bado yako kwenye kumbukumbu ya kerneli, na kwa mipangilio ya kawaida huweza kukaa humo sekunde 30 hivi. Close, mwito wa kufunga faili, haibadilishi kitu. Kihariri kikianguka, kerneli bado inayo data. Umeme ukikatika, imepotea.

Hatua ya 1. Andika yaliyomo kwenye faili ya muda, ndani ya folda ileile ya faili asili.

Hatua ya 2. Ita fsync kwenye faili ya muda, *kisha* rename, yaani ipe jina la faili asili ili ichukue nafasi yake. Hapa ndipo muda mwingi ulipotuishia. Ext4, mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux, huchelewesha kutenga nafasi ya data, hivyo jina jipya laweza kutangulia diskini na yaliyomo yakabaki nyuma. Mwaka 2009 watu waliwasha mashine zilizozimika ghafla wakakuta faili zenye baiti sifuri. Linux 2.6.30 iliipa ext4 kinga dhidi ya hali hiyo, lakini msimamizi anaweza kuizima, na mifumo mingine ya faili haikuahidi lolote. Usiitegemee.

Rename nayo ina masharti yake. Kama njia uliyopewa ni kiungo cha ishara (symlink, jina linaloelekeza tu kwenye faili nyingine), tafuta kwanza faili halisi, la sivyo utakifuta kiungo na kuweka faili ya kawaida mahali pake. Nakili ruhusa na umiliki kabla ya fsync. Faili ikiwa na majina mawili au zaidi, rename itayatenganisha. Hapo tengeneza nakala ya akiba, ilazimishe nayo ifike diskini, halafu andika juu ya faili yenyewe. Kihariri cha Vim hufanya uchaguzi wa namna hii kupitia mpangilio wake wa backupcopy, na nakushauri usome maelezo yake kabla ya kubuni utaratibu wako.

Kwenye macOS, fsync huikabidhi diski data bila kuhakikisha imetoka kwenye kumbukumbu ya diski yenyewe. Tumia mwito wa fcntl na amri ya F_FULLFSYNC.

Hatua ya 3. Fungua folda, iitie fsync nayo pia. Bila hivyo jina jipya halina uhakika.

Hatua ya 4. Fsync ikirudisha kosa, usiirudie kwenye faili ileile. Kerneli inaweza kuwa imekwisha kuzihesabu kurasa zile (vipande vya data kwenye kumbukumbu yake) kuwa safi, yaani zimekwisha kuandikwa, na mwito wa pili ukajibu kwamba mambo ni shwari ilhali data haipo. Watunzaji wa hifadhidata ya PostgreSQL walikumbana na hili mwaka 2018. Acha rename, mjulishe mtumiaji, bakiza alama ya “haijahifadhiwa”, kisha andika upya faili nyingine ya muda kutoka kwenye kumbukumbu ya kihariri.

Hatua ya 5. Faili za kujikinga zinazoandikwa kila baada ya vibonyezo kadhaa usizilazimishe: vidole vitasubiri diski, na diski ya kuzunguka iliyolala itaamshwa bure. Hifadhi ya amri ikichelewa, ipeleke kwenye uzi (thread) wa pembeni, ila neno “imehifadhiwa” lisionekane kabla fsync haijarudi. Weka pia mpangilio wa kuizima fsync, kama nofsync ya Vim, lakini kihariri kije kikiwa kimeiwasha.