Somo: Kufufua usukani wa zamani wa boti (wa mbao na brasi)

Wakuu habari zenu, wengi mmeniuliza ule usukani wa mtiki niliufanyaje, basi nashusha hapa. Ni wa boti ya Kiingereza, spoku sita (vile vijiti vya kushikia), habu ya brasi (kitovu cha katikati), rimu (duara la nje) ilikuwa imeachia kabisa.

1. Usikimbilie kufungua. Piga picha halafu kila kipande kiandike namba kwa nyuma, maana spoku zinafanana ila kila moja imechongewa tundu lake, ukizichanganya rimu haifungi tena. Na itafute ile spoku moja yenye mikato kichwani, hiyo ndo spoku kuu, ikisimama juu nahodha anajua kwa kupapasa tu hata usiku wa giza kwamba ule ubao wa chini majini unaogeuza boti umenyooka. Iwekee alama kabisa!

2. Skrubu zikigoma tia mafuta, acha zilale usiku kucha. Bisibisi ijae mfereji, brasi ni laini, ukiteleza mara moja umeharibu.

3. Msasa namba 80, 120, mwisho 220, fuata nyuzi za mbao.

4. Gundi. Hapa ndo wengi wanafeli. Mtiki una mafuta yake kwa ndani, kwahiyo futa viungo na asitoni, ikikauka tu paka epoksi hapohapo, kisha zungushia rimu mpira wa tyubu uvute kwa nguvu, kesho yake ndo ufungue.

5. Brasi mimi nasafisha kwa ndimu na chumvi, au ukwaju, halafu nasuuza sana. Ukiona imegeuka rangi ya waridi na inamegeka ujue zinki imeshaliwa na chumvi ya bahari, hiyo usiihurumie, tengenezesha nyingine.

6. Vanishi ya kuzuia jua, mikono 6 mpaka 8, katikati msasa laini.

MASWALI

– Mkuu nimenunua nati mpya ya nusu inchi ya kukazia habu kwenye shafti (mhimili wa usukani), inaingia kidogo inakwama, shafti imepinda?
Hapana ndugu usilazimishe! Boti za Kiingereza za zamani ni uzi wa Whitworth (kipimo cha zamani cha Kiingereza cha meno ya skrubu na nati), nusu inchi ina meno 12 kwa inchi, hiyo ya kwako itakuwa ya Kimarekani, ina 13. Tafuta kwenye vyuma chakavu vya mashine za zamani au mpe fundi akukate.

– Spoku moja imevunjika, naipata wapi?
Usihangaike kutafuta dukani. Nenda kwa fundi anayekereza miguu ya vitanda, mpelekee spoku nzima aiige, mbao iwe kavu kwelikweli.

– Habu imepasuka, naweza kuweka ya kisasa?
Pima shafti kwanza. Boti nyingi za sasa ni inchi 3/4, imechongoka mbele na ina kipande cha ufunguo (kichuma kinachoifunga habu isizunguke peke yake), ya zamani inaweza kuwa imenyooka tu. Zisipolingana fundi anakereza bushi (kipete cha kuziba nafasi) ya katikati, ila ile habu ya zamani usiitupe kaka, ndo sampuli yako.