Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kuingiza Mchele Zanzibar

Kibali kwanza, pesa baadaye. Wengi wetu tunamlipa muuzaji wa Karachi au Bangkok, meli inang'oa nanga, ndipo tunakimbilia Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Na hapo anayeumia si mfanyabiashara peke yake. Mpunga wa Cheju na wa mabonde ya Pemba hautoshi kuwalisha watu 1,889,773 tuliohesabiwa mwaka 2022, mbali na wageni wa mahoteli. Mzigo mkubwa ukikwama bandari ya Malindi hapa Unguja, bei ya mapembe (mchele wa bei nafuu) hupanda Darajani mpaka Chake Chake, na kuna nyumba ambako pishi, yaani vibaba vinne, inageuka vibaba viwili.

Makaratasi ya biashara siyarefushi: usajili wa biashara BPRA (wakala wa usajili wa biashara na mali), namba ya mlipakodi (TIN) ya TRA, usajili wa ZRA (mamlaka ya mapato Zanzibar), leseni ya biashara. Yawe hai yote, na jina liwe moja kila mahali.

Kisha ghala. Litengeneze kabla hujamwita mkaguzi wa ZFDA: paa lisivuje, matundu ya panya yazibwe, polo (magunia) zikae juu ya chaga za mbao na ziachane na ukuta ili hewa ipite. Mchele ukinyonya unyevu huota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu.

Sasa ombi lenyewe. Ambatisha ankara ya awali (profoma) inayoonesha aina ya mchele, uzito, bei na nchi unakotoka, pamoja na cheti cha maabara kutoka kwa muuzaji. Hapa usifanye haraka. Mimi niliwahi kukwama kwa sababu cheti kilikuwa na namba moja ya toleo (batch), na polo zimepigwa chapa namba nyengine. Mchele ulikuwa mzuri kabisa, lakini sikuwa na cha kuthibitisha kuwa ndio uliopimwa. Kontena likalala bandarini, na gharama za ucheleweshaji nikazilipa mimi. Tangu siku hiyo namtaka muuzaji anipigie picha ya polo lililoshonwa: namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kumalizika zisomeke, nizilinganishe na cheti kabla sijalipa hata senti.

Kibali kikitoka, ndipo ulipe na mzigo upakiwe. Meli ikiwa bado njiani, mkabidhi wakala wa forodha nakala za kibali, hati ya shehena, ankara, cheti cha asili na cheti cha afya ya mimea.

Siku ya ukaguzi nenda mwenyewe. Mkaguzi huchoma polo kwa bambo, mchele ukamiminika kiganjani. Atautazama rangi, ataunusa, atatafuta wadudu, kisha sampuli itafungwa kwenda maabara. Usiuze hata kilo moja majibu hayajatoka. Yakishatoka mazuri, wape mahamali ruhusa ya kupakua, na yaweke majibu hayo ghalani pamoja na namba ya toleo: muuza duka wa Wete akirudisha polo, utajua limetoka mzigo gani.