Jinsi ya Kuchagua Mkono wa Tobaa ili Trela Likae Sawa Nyuma ya Gari

Mimi huhamisha boti kwa trela baina ya Kilifi, Mtwapa na Diani, na mara nyingi mwenye gari akilalamika kwamba trela linamyumbisha barabarani, kosa huwa si la gari wala la trela, bali la kile kipande kifupi cha chuma kinachoviunganisha. Kabla ya kuanza tukubaliane kuhusu majina. Tobaa ni chuma kilichofungwa kwenye chesisi chenye tundu la mraba. Mkono ni kile kipande kinachoingizwa ndani ya tundu hilo na kufungwa kwa pini. Gololi ndiyo inayokaa juu ya mkono. Na kikombe ni ile sehemu ya pua ya trela inayoifunika gololi.

Hatua ya kwanza ni kupakia trela kama litakavyosafiri na kulisimamisha mahali palipo tambarare kwelikweli. Mimi hutumia sakafu ya saruji ya kituo cha mafuta, kwa sababu uwanja wa murramu hudanganya. Jaza upepo wa matairi yote, kisha weka kabari kwenye magurudumu ya trela.

Hatua ya pili ni kujua uzito wa pua. Weka mizani ya bafuni chini ya pua, tia gogo la mbao katikati, kisha shusha jeki polepole mpaka gogo libebe pua yote. Kwa trela la kawaida la mizigo, kanuni inayotumika sana Marekani ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, yaani trela la kilo 1,000 liwe na kilo 100 hadi 150 puani, mradi usipite kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari lako. Pua ikiwa nyepesi mno, sogeza mzigo mbele. Hakuna mkono utakaoponya trela lililoelemewa nyuma.

Hatua ya tatu: weka pima maji juu ya fremu ya trela, zungusha jeki hadi povu likae katikati, kisha pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa kikombe. Andika namba hiyo.

Hatua ya nne ndiyo wengi huikosea, kwa kuwa hupima gari likiwa tupu. Gari likibebeshwa pua ya trela, kitako hushuka, na kipimo cha asubuhi hakifai tena. Mimi hupakia mifuko miwili ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, juu ya mlango wa nyuma wa pikapu ulioshushwa, iwe badala ya pua ya kilo 100, ndipo nikapima kutoka sakafuni hadi ukuta wa juu wa ndani ya tundu la tobaa. Pikapu moja niliyoipima ilikuwa na milimita 560 ikiwa tupu na 530 baada ya saruji, na kikombe cha trela kilikuwa kwenye 430. Ukitoa, unapata 100, yaani mkono unaoshuka inchi 4. Aliyepima gari tupu angenunua wa inchi 5. Endapo kikombe kiko juu kuliko tundu, unahitaji mkono unaopanda.

Usipopata kipimo kamili, afadhali pua iiname kidogo kuliko iinuke, kwani pua iliyoinuka huhamishia uzito nyuma na kulianzishia trela kuyumba. Lakini isizidi. Niliwahi kuazima mkono ulioshuka mno, na nilipokuwa nikipanda ngazi ya feri ya Likoni nikausikia ukikwaruza chuma mbele ya foleni nzima. Trela la ekseli mbili lina uvumilivu mdogo zaidi, maana likiinama, ekseli moja hubeba mzigo wa mwenzake.

Hatua ya tano ni gololi. Magari yetu mengi hutumia ya milimita 50, ilhali matrela yaliyotoka Marekani huweza kuhitaji ya inchi 2, ambayo ni milimita 50.8. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini kikombe cha milimita 50 kinaweza kukwama juu yake. Soma kipimo kilichogongwa juu ya gololi na kwenye kikombe. Kuhusu nguvu, tobaa, mkono, gololi na kikombe kila kimoja kina kiwango chake, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachotawala. Ukiambiwa na fundi kwamba ataukata mkono na kuuchomelea kipande ili ushuke zaidi, mshukuru na uondoke zako salama.

Funga pini na klipu yake, pitisha cheni mbili za usalama za trela kwa mkingamo chini ya kikombe, kisha rudisha pima maji juu ya fremu. Baada ya kilomita 10 simama ukague nati ya gololi.

Kwa wanaoshusha boti baharini: suuza mkono kwa maji yasiyo na chumvi, uchomoe, upake grisi. Mmoja ulioachwa ndani ya tundu tangu kaskazi hadi kusi ulinichukua siku mbili kuung'oa, kwa nyundo na jeki.