Gemu la kukimbia lisilofanana na mengine: anza na kidole, michoro ije baadaye

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari kutengeneza gemu dogo la simu. Nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja hapa Mtwara. Mkimbiaji wake alipita kati ya mikorosho akiokota korosho, michoro mizuri kabisa, lakini kila aliyeshika simu aliuliza: "Si ndiyo lile la treni?" Ukibadili sarafu kuwa korosho umebadili nguo tu, mtu ni yuleyule.

Hatua ya 1: Andika kazi ya kidole

Cheza Temple Run (2011) na Subway Surfers (2012), lile la treni. Achana na hadithi, andika kidole kinafanya nini: kushoto, kulia, juu, chini. Basi.

Hatua ya 2: Vunja sheria moja

Moja tu, ukivunja tatu mchezaji anapotea. Sisi tuliondoa uhuru wa kwenda unakotaka. Mkimbiaji akawa ngalawa inayotoka Mikindani kwenda Msimbati wakati wa kusi, upepo unakuja usoni. Huwezi kunyoosha moja kwa moja. Lazima upige bisha, ukate upepo mshazari, mara kulia mara kushoto, huku miamba inakuja. Ukiwahi kugeuza unakosa nafasi, ukichelewa tanga linapwaya na ngalawa inasimama. Kidole sasa kina jambo la kuamua ambalo kwenye yale mengine hakina.

Hatua ya 3: Upepo wenyewe

Hapa ndipo saa zinapoteketea, kwa hiyo soma taratibu. Natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, na sina mpango wa kuhama: ni ya bure, nyepesi kupakua kwa bando letu, na kompyuta ya kawaida inaibeba. Tangu mwanzo wa mradi chagua Compatibility, njia yake nyepesi ya kuchora picha, maana wachezaji wengi wa huku wana simu za bei nafuu.

Upepo ni Vector2, yaani vekta ya namba mbili, x na y. Pima pembe kati ya omo (mbele) la ngalawa na upepo kwa `angle_to`. Angalia mambo matatu:

- Vekta ya upepo inaonyesha upepo unakokwenda, si unakotoka. Pima dhidi ya `-upepo`, la sivyo ngalawa itakimbia pale inapopaswa kusimama.
- Jibu linakuja kwa radiani. Lipitishe kwenye `rad_to_deg`.
- Upande mmoja jibu ni hasi. Weka `abs`, vinginevyo ngalawa itatembea vizuri ikielekea upande mmoja na kugoma upande wa pili, nawe utadhani kosa liko kwenye usukani.

Pembe ikiwa chini ya nyuzi 50, punguza kasi polepole. Usiikate ghafla! Mchezaji anatakiwa aone tanga likianza kupwaya apate muda wa kujiokoa. Na usichore mshale wa upepo kwenye kona, hakuna anayeutazama. Onyesha upepo kwa povu la maji na kwa tumbo la tanga, pale macho yalipo tayari.

Hatua ya 4: Mpe mgeni simu, unyamaze

Asiwe ndugu yako. Zima sauti, usieleze chochote. Asipogeuza ngalawa mwenyewe mapema, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 5: Play Store

Usajili ni dola 25, mara moja. Jina lisizidi herufi 30, maelezo mafupi 80. Picha ya kwanza ionyeshe ngalawa ikigeuka katikati ya miamba. Nembo kubwa iliyojaza skrini haimwambii mtu kitu. Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 inatakiwa kuwa na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Kati ya hao tafuta wavuvi wawili watatu. Ngalawa yako ikigeuka kinyume na upepo, watakuambia papo hapo.