Namna ya Kupima Maoni ya Wachezaji Kabla ya Kununua Toleo Jipya la Mashine ya Gemu ya Mkononi

Mpwa wangu alinijia jioni moja barazani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, akaniamkia kwa haraka ya mtu mwenye shida, kisha akasema, "Mjomba, ile ndogo mpya watu wasema haifai, hata kwenye televisheni haiingii. Nisinunue?" Nikamuuliza televisheni ya nyumbani kwao huwa mikononi mwa nani kuanzia magharibi hadi watu walale. Akacheka, kwa kuwa rimoti hiyo ni ya mamake, naye hajaona mtu wa kumpokonya katikati ya tamthilia. Kasoro iliyowaudhi wachezaji wengi duniani, kwake yeye haikuwa kasoro.

Mashine aliyoitaja ni Nintendo Switch Lite, iliyotoka Septemba 2019 ikiwa na kioo cha inchi 5.5 na uzito wa takriban gramu 275, bila uwezo wa kuunganishwa na televisheni, na vijiti vyake vya kuelekezea vikiwa vimefungwa ndani ya mwili wa mashine. Wengi waliokuwa na Switch ya kwanza ya mwaka 2017 waliikejeli, na kwao kejeli hiyo ilikuwa na haki, maana walikuwa na kitu na sasa walionyeshwa kingine chenye pungufu. Mchezaji anapolisifu au kulilaani toleo jipya, anapima umbali kati ya toleo hilo na kile alichokuwa nacho jana. Wewe unayesoma maoni yake huna budi kuupima umbali huo upya, kuanzia pale ulipo wewe.

Ijue mashine kwa namba yake

Kabla ya kusoma oni lolote, hakikisha linazungumzia mashine ileile unayotaka kununua. Jina peke yake halitoshi. PSP, mashine ya mkononi ya kampuni ya Sony, kwa mfano, ina PSP-1000, PSP-2000 ya mwaka 2007, PSP-3000 ya mwaka 2008, PSP Go ya mwaka 2009 na PSP-E1000 ya mwaka 2011, na muuzaji wa vitu vilivyotumika ataziita zote "PSP" tu. Igeuze mashine, tafuta maandishi madogo ya nyuma, na uisome namba hiyo kwa sauti mbele ya muuzaji.

Yapo pia mabadiliko yaliyopita kimya. Katikati ya mwaka 2019 Switch ya kawaida ilibadilishwa vitu vya ndani bila kubadilishwa umbo: ile ya awali, yenye namba HAC-001, ilikadiriwa na kampuni kukaa na chaji kati ya saa 2.5 na 6.5, na iliyofuata, HAC-001(-01), kati ya saa 4.5 na 9. Kelele zilikuwa chache, kwa sababu macho hayakuona kipya. Ukikutana na mashine mbili zinazofanana kama mapacha, za bei moja, hiyo alama ndogo ya mwisho ndiyo itakayokuambia uchukue ipi.

Tafuta kilichoondolewa

Maoni ya wachezaji huwa makali zaidi, na mara nyingi huwa ya kweli zaidi, pale yanapohusu kitu kilichoondolewa. Kilichoongezwa husifiwa hata kabla hakijatumika. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kilichoondolewa hukililia mtu aliyekuwa akikitumia kila siku.

Game Boy Advance SP ya Nintendo, ya mwaka 2003, ilileta taa kwenye kioo, betri ya kuchaji na umbo la kukunja, lakini ikaondoa tundu la kawaida la vipokea sauti vya masikioni. Game Boy Micro ya mwaka 2005 ilikataa kaseti za Game Boy za zamani. Nintendo DSi iliongeza kamera na kuondoa nafasi ya kaseti za Game Boy Advance. Kilio kikubwa kuliko vyote hivi kilikuwa cha PSP Go, ambayo ilikuja bila nafasi ya diski za UMD, zile diski ndogo za gemu za PSP, huku ikiuzwa Marekani kwa dola 249.99, bei iliyoipita PSP-3000 yenye nafasi hiyo. Mtu aliyekuwa na diski 20 kabatini aliambiwa, kwa hakika, azinunue gemu zake mara ya pili.

Chukua karatasi, uandike kilichoondolewa, kisha mbele yake ujibu swali moja tu: je, mimi ninacho? Asiyekuwa na diski hata moja hana sababu ya kulia na PSP Go kwa ajili ya diski. Sababu yake ya kuiogopa ni nyingine, nayo ni kwamba mashine inayotegemea gemu za kupakua huzeeka pamoja na duka lake la mtandaoni. Duka la mtandaoni la Nintendo 3DS lilifungwa kwa manunuzi tarehe 27 Machi 2023, na sifa zote lililopewa na wachezaji wa mwaka 2015 hazimsaidii anayenunua mashine hiyo leo.

Kuondolewa nako huweza kuwa faida. Mwaka 2013 Nintendo ilipotoa 2DS, mashine bapa isiyokunjika wala isiyoonyesha picha za pande tatu, watu waliicheka sana kwa umbo lake la kabari. Mimi pia nilicheka. Lakini mashine isiyokunjika haina bawaba, na isiyo na bawaba haiwezi kuvunjika bawaba, jambo ambalo mzazi mwenye mtoto wa miaka sita analielewa bila kufundishwa. Fundi akiifungua ataona kwamba vioo vyake viwili ni kioo kimoja kilichogawanywa na plastiki ya juu, kwa hiyo ikidondoka vibaya utalipia vyote viwili. Hilo waliocheka hawakulisema, kwa sababu wakati wa kucheka hawakuwa wameifungua.

Mhoji shahidi

Oni la mchezaji ni ushahidi, na shahidi huhojiwa. Muulize, kwa kuyasoma maneno yake taratibu, kama ameishika mashine au ameona picha tu. Ameitumia kwa siku ngapi. Na alitarajia nini.

Hilo la matarajio ndilo linalopotosha watu zaidi. Kabla ya Julai 2021 uvumi ulikuwa umeenea kwamba Nintendo italeta Switch yenye nguvu zaidi na picha za 4K, yaani kali zaidi. Ilipotangazwa Switch ya kioo cha OLED, aina ambayo kila nukta hujiwashia mwanga wake, ikawa na kioo cha inchi 7 badala ya 6.2, hifadhi ya GB 64 badala ya 32, na kisimamizi kipana cha nyuma, lakini nguvu ya ndani ikabaki ileile. Hasira ya wiki ile haikuwa juu ya mashine iliyotangazwa. Ilikuwa juu ya mashine ya uvumi ambayo haikuwepo. Ilipoingia madukani Oktoba, walioishika walianza kuzungumzia weusi wa kweli wa kioo na sauti iliyotulia, na lugha ikabadilika. Maoni ya siku ya tangazo, basi, yasome kwa burudani, na ya mwezi wa tatu na kuendelea uyasome kwa kalamu mkononi, kwa sababu kuanzia hapo ndipo vijiti huanza kuteleza vyenyewe, yaani mhusika huenda bila wewe kugusa, plastiki huanza kulia na betri huonyesha tabia yake.

Mtambue pia aliyenunua toleo la zamani juzi. Huyu atalikandia jipya ili aufariji mfuko wake, au atalisifu kupita kiasi kwa uchungu wa kulikosa. Msamehe, na umpite.

Yalete maoni Mombasa

Wengi wanaoandika maoni haya huchezea vyumbani, katika nchi za baridi na mwanga hafifu. Sisi huchezea barazani, ndani ya matatu, na kwenye foleni ya feri ya Likoni saa sita mchana.

PSP-3000 ni mfano mzuri. Ilipotoka, wachezaji wengi walilalamika kwamba kioo chake kinaonyesha mistari myembamba pale picha inapokwenda kwa kasi, na Sony ikasema kwamba hiyo ni tabia ya kioo chenyewe, haitarekebishwa kwa programu. Malalamiko yalikuwa ya kweli. Lakini kioo hichohicho kilitengenezwa kwa rangi pana zaidi na kwa uso unaopunguza mng'ao wa jua kuliko matoleo yaliyotangulia. Aliyekaa kwenye chumba chenye giza aliona mistari. Aliyeketi Mama Ngina, bahari ikimulika mbele yake, angeona mchezo. Tazama pia Game Boy Advance ya kwanza, ya mwaka 2001, iliyolaaniwa kwa kutokuwa na taa: kioo chake hutegemea mwanga wa nje, na mwanga wa nje ndio kitu ambacho Pwani haijawahi kupungukiwa.

Ukienda kujaribu mashine, kwa hiyo, usiridhike na kivuli cha duka. Omba utoke nayo hadi mlangoni, uweke mwanga katikati ya kiwango, uelekeze mgongo wako kwenye jua, kisha ufungue mchezo wenye sehemu za giza. Ukiona uso wako kuliko unavyomwona mhusika, umeshapata oni lako mwenyewe.

Jambo la pili ni umeme. New Nintendo 3DS XL iliuzwa katika nchi nyingi bila chaja ndani ya boksi, na wachezaji wakalalamika kwa sababu ya gharama. Kwetu shida ni ya hatari zaidi kuliko gharama, kwani mashine inayofika bila chaja hutafutiwa chaja yoyote. Umeme wetu ni volti 240. Chaja iliyoandikwa "100–240V" ni salama ukiipatia plagi ya pini tatu. Iliyoandikwa 120V peke yake, ambayo ni kawaida kwa chaja za zamani za Marekani, usiichomeke ukutani kamwe. Nasema hivi nikiwa nimewahi kuichomeka moja bila kusoma, nikasikia mlio mdogo kama wa bisi kwenye sufuria, na harufu yake ikabaki chumbani hadi asubuhi. Ndiyo maana sikushangaa watu wa huku walipoipenda PS Vita nyembamba ya Sony, ya mwaka 2013. Mabishano duniani yalikuwa juu ya Sony kuacha kioo cha OLED na kuweka cha LCD, kinachotegemea taa ya nyuma, lakini toleo hilo pia lilikubali waya wa micro USB, uliokuwa wa kawaida wa simu wakati huo, na waya huo hukukosa kuupata kwa jirani.

Tatu ni joto na chumvi. Wakati wa kaskazi mikono hutoka jasho, na hewa ya bahari hula chuma. Kwa mashine iliyotumika, mulika tundu la chaja na pale kaseti inapoingia kwa tochi ya simu. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, jadili bei upya au uondoke.

Shika mwenyewe

Baada ya kusoma, tafuta mtu mwenye toleo hilo na uombe nusu saa. Kama ni ya kukunja, ifungue na kuifunga polepole karibu na sikio, ukisikiliza mkwaruzo kwenye bawaba. Kama ni Switch ya aina yoyote, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vidhibiti, ufungue ukurasa wa kurekebisha vijiti, kisha uondoe vidole kabisa. Alama iliyo katikati ya duara inapaswa kutulia. Zungusha kijiti mara kumi, ukiachie, utazame tena. Alama ikibaki pembeni au ikitetemeka kama taa ya kibatari penye upepo, kijiti kimechoka. Kwenye Switch ya kawaida utabadilisha kidhibiti cha pembeni, lakini kwenye Lite italazimu mashine nzima ifunguliwe, na gharama hiyo iingize kwenye bei tangu mwanzo.

Mwisho, ukishanunua, andika na wewe, ukitaja namba ya toleo, ulichokuwa nacho kabla, muda uliotumia na mahali unapochezea. Mpwa wangu aliinunua ile ndogo, na baada ya miezi mitatu aliniletea karatasi nimsahihishie: "Kabla ya hii nilikuwa na simu tu. Nimecheza miezi mitatu, zaidi ndani ya feri na usiku kitandani. Televisheni siihitaji. Saa sita juani sioni kitu, naifunika kwa kofia. Vijiti bado vizima." Nilimsahihishia nukta moja tu, nikamrudishia.