Umekula nyama haijaiva na una mimba? Anza hapa

Saa nne usiku simu iliita. Sauti ya chini, ya mtu aliyejifungia chooni ili mumewe asisikie. "Sista, shikamoo. Nimekula mishikaki pale stendi. Wa tatu nilipouuma nikaona ndani bado ni mwekundu. Mimba ina miezi mitano. Nimemdhuru mtoto?"

Nilimuuliza mambo matatu. Una homa? Hapana. Unaharisha? Hapana. Mtoto anacheza? Anacheza, tena sana. Nikamwambia alale, asubuhi nitamweleza mengine.

Niliyomweleza asubuhi ndiyo haya, maana simu za namna ile napokea nyingi. Mimi ni mkunga hapa Kigoma mjini, na mwenyewe nimezaa mara mbili, kwa hiyo woga huu naujua kama nesi na naujua kama mzazi.

Jambo moja nalisema mapema. Mama asiyejali anachokula ananipa wasiwasi, lakini anayeogopa kila kitu ananipa wasiwasi zaidi. Anaacha mayai, anaacha nyama, anaacha samaki, anabaki na chai na maandazi. Baada ya miezi miwili namfunua kope la chini, naona ndani peupe kama karatasi. Vimelea anavyoviogopa vinakufa kwa moto. Upungufu wa damu huwezi kuuchemsha ukaisha.

Hatua ya kwanza: kama umeshameza, usijitapishe

Usitie kidole kooni, usinywe maji ya chumvi. Hakuna unachookoa, unajichubua koo tu na kupoteza maji mwilini. Na usikimbilie duka la dawa kuomba "kitu cha kusafisha tumbo". Nimeshaletewa mama aliyeuziwa tetrasaiklini bila hata kuulizwa kama ni mjamzito, na dawa hiyo huharibu meno na mifupa ya mtoto anayekua tumboni. Asiye na dalili hapewi dawa, anaangaliwa.

Chukua daftari, au karatasi utakayoibana ndani ya kadi yako ya kliniki. Andika tarehe, ulichokula, na kilivyokuwa. Wengi hunicheka hapa, lakini sababu ipo: vimelea hivi havifanani kwa haraka. Salmonela, ambaye tunamjua zaidi kwa kuku na mayai, hujitokeza kati ya saa 6 na siku 6, na tumbo, kuharisha na homa huja pamoja. Listeria anaweza kukaa kimya wiki nyingi, wakati mwingine miezi miwili na zaidi, ndipo homa inaanza. Nani anakumbuka mshikaki wa miezi miwili iliyopita? Toksoplasma, anayejificha ndani ya nyama yenyewe, hasa ya mbuzi, kondoo na nguruwe, mara nyingi mama hasikii chochote. Aliyewahi kumpata kabla ya mimba kwa kawaida ana kinga inayomlinda mtoto. Shida ni kumpata kwa mara ya kwanza ukiwa umebeba.

Majina hayo yanatisha, najua. Ni kweli mjamzito yuko katika hatari ya kuugua listeria takriban mara 10 kuliko watu wengine, lakini ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Kula kipande kibichi mara moja si kuugua. Wengi hula, siku zinapita, hakuna kinachotokea.

Hatua ya pili: jua ni lini uondoke nyumbani

Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Kuharisha damu. Kutapika hadi maji hayakai. Kichwa kuuma sana na shingo kukaza. Maji au damu kutoka ukeni. Mtoto kupunguza kucheza. Lolote kati ya haya, usingoje asubuhi.

Kuharisha maji matupu kama yale ya kuoshea mchele ni dharura yake peke yake. Watu wa Kigoma hatuhitaji kufundishwa kipindupindu; mwaka 2015 kilipiga kijiji cha Kagunga, ufukwe ukiwa umejaa wakimbizi kutoka Burundi. Anza kunywa maji ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ukiwa njiani, usisubiri kufika.

Ukifika na homa, watakupima malaria kwanza, na wako sahihi, mkoa wetu una malaria nyingi. Kipimo kikisema huna, usikubali kurudi nyumbani na panadol tu. Sema hivi: "Nina mimba ya miezi fulani, na tarehe fulani nilikula nyama ambayo haikuiva." Vipimo vya kawaida vya kliniki, yaani wingi wa damu, mkojo, VVU, kaswende na malaria, havimtafuti listeria wala toksoplasma. Usipotaja, kuna uwezekano mkubwa asiwepo atakayewafikiria. Na listeria akijulikana mapema anatibika, kwa ampisilini ya sindano, dawa ambayo mjamzito hupewa.

Hatua ya tatu: hakikisha moto umefika katikati

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Chakula kikifika nyuzi 70 hadi katikati, vimelea karibu vyote vya kutuhangaisha vimekufa. Mwenye kipimajoto cha chakula atafute 74 kwa kuku na 71 kwa nyama ya kusaga. Wengi wetu hatuna, kwa hiyo tunatumia macho, uma na subira.

Tuanze na samaki, ndiyo mboga ya nyumbani. Mgebuka wa kubanika, mpasue kwa uma pale mgongoni, mahali panapokuwa panene, uangalie kando ya uti wa mgongo. Nyama ikiwa nyeupe isiyopitisha mwanga, inaachana yenyewe kwa mapande na kubanduka kwenye mfupa, ameiva. Ukiona uwazi kama kioo, au mstari wa damu mbichi umeng'ang'ania mfupa, mrudishe. Kuhe ni mkubwa, na mafuta yakiwa makali sana anakuwa kahawia nje huku ndani akiwa vilevile alivyotoka mwaloni Kibirizi. Mkate chale za kina pande zote mbili, na mkaa upunguze kidogo.

Dagaa hawana shida ya unene. Shida yao ni mchanga. Walioanikwa chini hukanyagwa na kuku, mbwa na watoto, kwa hiyo ukiwa sokoni Mwanga ulizia wa vichanja, hata kama bei inapanda kidogo. Na acha ile tabia ya kuwatafuna wakavu wakati unachambua, kichwa kwenye ungo, kiwiliwili mdomoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Jua hukausha, haliivishi. Waoshe, wakaange, ndipo ule, tena ule wengi, maana wana madini ya chokaa na protini, na samaki wadogo namna ile hawabebi zebaki kama samaki wakubwa wanaokula wenzao.

Nyama ya kuchemsha mchuzi ukatokota nusu saa na zaidi haina maneno. Ya kuchoma ndiyo ya kuangalia. Rangi peke yake hudanganya: moshi unaweza kuipaka weusi nje wakati ndani bado baridi. Nyumbani mimi huchemsha kwanza hadi iive, halafu naipitisha kwenye mkaa kwa ajili ya harufu. Mume wangu anasema hiyo si nyama choma. Sawa, lakini yeye hana mimba. Nyama ya kusaga usiionee huruma kabisa, iwe sambusa au kababu, kwa sababu vijidudu vilivyokuwa juu ya kipande, mashine imeshavichanganya hadi ndani.

Yai liive kiini na ute, vyote viwe vigumu. Dakika 10 baada ya maji kuchemka zinatosha. Bibi zetu wengine wanakataza mayai kabisa eti mtoto atazaliwa na kipara. Msikilize bibi kwa heshima, mwitikie, kisha kula yai lako. Karibu watoto wote ninaowapokea nywele zao ni chache, na mama zao hawajala mayai yoyote ya ajabu.

Maini yaive hadi katikati kama nyama nyingine, na yasiwe mboga ya kila siku, hasa miezi mitatu ya mwanzo, kwa kuwa yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Mawese hayana hatari hiyo. Rangi yake nyekundu mwili huigeuza kuwa vitamini A kadiri unavyohitaji.

Hatua ya nne: kiporo

Kama ningepewa nafasi ya kubadili kitu kimoja tu kwenye majiko ya Kigoma, nisingegusa nyama choma. Ningegusa sufuria ya jioni inayolala juu ya jiko lililozimika hadi asubuhi.

Chakula kilichoiva kikikaa joto la nyumba zetu, vijidudu huzaliana haraka. Kadirio ni saa 2. Zile siku za joto la kupita nyuzi 32, hesabu saa 1. Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea: kupasha moto hakuokoi kila kitu. Wali uliolala nje unaweza kuwa na sumu ambayo bakteria wameshaitoa, na sumu hiyo moto hauiondoi. Utaupasha hadi utoe moshi, utakula, na utatapika vilevile. Kwa hiyo kiporo cha wali kilicholala juu ya jiko usikile. Najua bei ya mchele. Pika kidogo.

Mwenye friji aweke chakula humo ndani ya saa mbili, kwenye vyombo vipana visivyo na kina kirefu ili kipoe upesi, na akile kesho yake baada ya kukichemsha hadi katikati kitokote. Friji si dawa lakini. Listeria ni mmoja wa wachache wanaoendelea kuzaliana kwenye ubaridi. Umeme ukikatika, usilifungue. Likiwa limefungwa hushika ubaridi kama saa 4. Asiye na friji apike cha kutosha mlo mmoja. Hamu ya mimba ya kula ugali wa jana na mboga baridi saa nane usiku naujua. Washa jiko.

Hatua ya tano: mambo madogo, haraka haraka

Kisu na ubao vilivyokata kuku mbichi visiguse kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Usioshe kuku mbichi kwa maji ya kumwaga kwa nguvu, unatapanya vijidudu kwenye vyombo. Maziwa ya wafugaji yachemshe hadi yafure, ndipo uyagandishe ukitaka mgando. Maziwa mabichi huleta ugonjwa wa brusela, na brusela huweza kutoa mimba. Maji ya kunywa yakishachemka kwa nguvu, yaache dakika moja zaidi. Mboga na matunda yaoshwe kwa maji safi hata kama utamenya. Ukilima bustani au ukisafisha penye kinyesi cha paka, ambamo toksoplasma huweza kuwamo, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, unawe. Afadhali zaidi mtu mwingine afanye. Paka mwenyewe hana haja ya kufukuzwa.

Muhogo mchungu uvundikwe siku zake zote kabla ya kuanikwa. Anayefupisha siku ili auze unga mapema anakuuzia sumu, na hiyo kuisonga tu ugali hakuiondoi. Pemba, ule udongo wa kutafuna, tutazungumza siku nyingine, ila kama unautamani sana nenda ukapime damu.

Hatua ya sita: ukila nje

Chagua kinachotoka motoni mbele ya macho yako. Chipsi mayai iliyogeuzwa pande zote mbili ni salama kuliko watu wanavyodhani. Kinachonipa shaka ni kachumbari iliyokaa kwenye beseni tangu saa sita mchana. Mayai ya kuchemsha ya wale vijana wa trei hayana neno, limenye mwenyewe, uache kachumbari na pilipili yao. Supu iwe ya kuunguza mdomo. Juisi ya kukamuliwa barabarani, iache. Hujui maji yake yametoka wapi.

Yule dada wa mishikaki sasa ana miezi minane. Homa haikuja, ile karatasi bado imo ndani ya kadi, na mishikaki hajaacha. Anakaa kwenye benchi, akiletewa sahani anachana kipande kinene kuliko vyote kwa vidole, anaangalia, na kama hakijampendeza anamwambia muuzaji, "Kaka, nirudishie hii motoni." Mara ya kwanza kaka alinuna. Siku hizi akimwona anakuja na tumbo lake, anampangia yake pembeni penye mkaa mwingi, anasema tu, "Mama kijacho, ya kwako dakika kumi."