Somo: Namna ya kumrithisha mtoto mapenzi ya muziki wa roki

Mwanzoni nilikosea. Niliwakalisha wapwa zangu sebuleni nikawawekea albamu nzima, kila wimbo naueleza. Kabla ya dakika kumi mmoja kalala, mwenzake anachezea zipu ya mto wa kochi. Tangu siku hiyo sianzi na masikio yao, naanza na miguu.

Hatua ya 1: Wakanyage. Chukua "We Will Rock You" ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, ya mwaka 1977. Mguu, mguu, kofi, kimya. Hakuna drams humo. Wanamuziki walikanyaga mbao na kupiga makofi studio, London, wakarudia na kurekodi juu kwa juu mpaka ikasikika kama umati. Gitaa huja mwishoni. Mpwa wangu wa miaka saba alishindwa na kile kimya, kila mara anakijaza kofi la pili. Nikamwambia, "Hapo vuta pumzi tu." Akavuta, akapata, na hakuacha mpaka bibi yake akatoka jikoni kuja kuangalia kulikoni.

Hatua ya 2: Hadithi ya mtu mmoja. Mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Ukifika Mji Mkongwe na watoto, wapeleke kwenye makumbusho yake. Ila wapwa zangu waliganda kwa Brian May, mpiga gitaa. Kijana hakuwa na pesa ya gitaa alilolitaka, basi mwaka 1963 yeye na baba yake wakaanza kulitengeneza wenyewe nyumbani. Shingo waliichonga kwenye ubao wa meko kuukuu. Gitaa hilo ndilo alilopigia Queen, na analo hadi leo.

Hatua ya 3: Watengeneze la kwao. Kopo la mafuta ya kupikia la lita tano, mti ulionyooka, na nyuzi zilizofumuliwa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Waya huo unachoma vidole, kwa hiyo kufumua ni kazi ya mkubwa. Uzi ukikazwa, sauti inapanda. Kisha mwambie mtoto aubonyeze katikati kabisa: sauti ile ile inarudi, ila ya juu. Mpwa wangu aliubonyeza, akaachia, akabonyeza tena, mdomo wazi. Hapo nilinyamaza, nikamwachia.

Hatua ya 4: Badilishaneni. Wimbo wako mmoja, wake mmoja. Wangu wanapenda singeli, na sikio lililozoea kasi ile haliogopi roki ya mbio.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mjomba. Mdogo wangu anasema huu ni muziki wa Wazungu. Nimjibu nini?*
Marahaba. Msikilizishe Sister Rosetta Tharpe, mama Mmarekani mweusi aliyekuwa akipiga gitaa la umeme kwa nyimbo za injili kabla roki haijapata jina. Halafu Chuck Berry, Mmarekani mweusi mwingine mpiga gitaa. Halafu mlete karibu na kwetu: Zambia, miaka ya 1970, bendi ya WITCH na wenzao, magitaa yakikwaruza kwelikweli. Wazambia wanaiita Zamrock.

*Kaka, wangu ana miaka mitatu. Sauti iwe kiasi gani?*
Mkiweza kuongea bila kupaza sauti, inatosha. Na asivae hedifoni, dada yangu. Spika ya mbali ni salama zaidi kwa masikio yake.

*Kijana wangu wa miaka 15 hataki hata kusikia. Nimlazimishe?*
Hapana, mzee wangu. Muombe akuwekee wimbo wake, usikilize mpaka mwisho bila kutia neno. Wiki ijayo tena. Mpwa wangu mkubwa alichukua miezi miwili, kisha jioni moja akaja mwenyewe: "Mjomba, ule wa kukanyaga uko wapi?"